Usinunue oltaneta kwanza

Kaka, umesema lori lako la zamani la volti 24 linagoma kuwaka alfajiri pale Marikiti, na betri moja uliyobadilisha juzi imelala tena. Kabla hujaenda Kirinyaga Road kutafuta oltaneta, kile kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, niambie: redio umeiunga wapi?

Lori letu lilitusumbua miezi mitatu kwa jambo hilo hilo. Volti 24 hutoka kwa betri mbili za 12 zilizofuatanishwa, na fundi alikuwa amevuta waya wa redio katikati ya hizo mbili ili apate volti 12. Redio ikanyonya betri moja tu, nayo ile nyingine ikapokea chaji kupita kiasi mpaka maji yake yakakauka. Ng'oa waya huo, weka kipunguza volti cha 24 kwenda 12.

Halafu pima kila betri peke yake asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Iliyojaa husoma takriban volti 12.6, ikiwa moja ni 12.6 na mwenzake 11.9, umepata mgonjwa. Betri hizi hubadilishwa zote mbili pamoja, kaka, hata kama mfuko unauma. Mpya ikifungwa na kuukuu, kuukuu huiburuta.

Washa injini, upime zote mbili kwa pamoja: kati ya 27.5 na 28.5 oltaneta ni nzima. Ikibaki 25, zima injini, kaza mkanda wa oltaneta kwanza, kisha ufungue waya wa athi, ule unaounga betri na chesi, uukwangue kutu mpaka chuma king'ae. Wetu ulionekana mzima kwa nje, ndani ulikuwa unga wa kijani.