Kuku 50 uani Kinyerezi: sheria inasemaje, na banda lijengwe vipi ili jirani asikushtaki

Mkuu, umesema una kiwanja cha mita 20 kwa 20 Kinyerezi, nyumba imeshasimama, unataka kuku 50 wa mayai kwenye nafasi iliyobaki nyuma, na mwenyekiti wa mtaa kakwambia "mjini hakufugwi". Nianze na hilo la mwenyekiti, maana wengi hukata tamaa hapohapo.

Mwenyekiti hatungi sheria. Sheria ndogo hutungwa na halmashauri, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, na inapaswa kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo kila sheria ndogo ina namba ya tangazo na mwaka. Nenda kwa mtendaji wa kata, uliza kwa upole: "Naomba kusoma sheria ndogo ya ufugaji, tangazo namba ngapi?" Ukishaipata, soma kifungu chenyewe. "Hairuhusiwi kufuga" na "hairuhusiwi kufuga bila kibali" ni mambo mawili tofauti kabisa, na mtu akikusimulia kwa mdomo tofauti hiyo hupotea. Angalia pia idadi iliyotajwa, umbali kutoka nyumba za watu, na kama kuku wametajwa au wametajwa ng'ombe na mbuzi tu.

Usichukue jibu la ndugu yako wa Mbezi au Kigamboni. Dar es Salaam ina halmashauri tano, kila moja na sheria zake. Wewe uko Jiji la Dar es Salaam, yaani iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi 2021.

Kuna karatasi ya pili: hati yako. Kiwanja kilichopimwa kwa makazi kina masharti ya matumizi. Kuku wachache wa nyumbani ni jambo moja, banda la biashara lenye kibao getini ni jingine, na hilo la pili ndilo linaloweza kukutaka kibali cha mipango miji. Ukiwa na leseni ya makazi badala ya hati, soma masharti yake vilevile.

La tatu ndilo linalofunga mabanda mengi: kero. Hata ukiwa na kibali, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa afisa afya uwezo wa kukupa notisi ya kuondoa harufu, nzi au uchafu. Afisa huyo haji bila sababu. Huja kwa sababu jirani kalalamika. Akija, omba notisi ya maandishi yenye muda wa kurekebisha, rekebisha, kisha mwite aone. Ukitozwa faini, lipa kwa kontro namba tu, usitoe fedha mkononi.

Sasa ushauri wangu: anza na 20, usianze na 50. Kuku mmoja wa mayai hutoa kinyesi kibichi cha gramu 100 hadi 120 kwa siku. Kuku 50 ni zaidi ya kilo 150 kwa mwezi, na kwenye uwanja wa ukubwa huo huna pa kuzipeleka mvua za masika zikishika. Kuku 20 hula takriban gramu 115 kila mmoja, jumla kilo 2.3 kwa siku, hivyo gunia la kilo 50 hukaa wiki tatu. Ukiweza kumudu hao bila malalamiko kwa mwaka mzima, utakuwa na hoja ya kuomba kuongeza.

Kuku 20 watoshewe na banda la mita 2 kwa 2.5. Hiyo ni kuku wanne kwa mita ya mraba. Watu huweka wanane, na hapo ndipo harufu na kudonoana huanzia. Urefu wa banda uende kutoka mashariki hadi magharibi, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua lisiingie ndani. Ukuta wa tofali mwisho sentimita 60, juu yake wavu hadi paa, na paa litokeze nusu mita nje kuzuia mvua ya upepo. Wavu wa kawaida wa kuku humzuia kuku asitoke tu. Nguchiro na paka huupasua. Tumia wavu mgumu uliochomelewa, matundu ya nusu inchi, angalau sehemu ya chini. Juu pia pafungwe, kwa sababu kunguru wa hapa mjini hubeba kifaranga mchana kweupe.

Mahali pa kuliweka: Dar upepo wa kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Misimu yote miwili harufu ya mchana huelekea upande wa magharibi. Basi jirani wako wa magharibi ndiye atakayeumia, na ndiye wa kuzungumza naye kabla hujanunua tofali hata moja. Kama upande huo ni barabara au eneo la wazi, banda likae huko. Kama ni dirisha la chumba cha mtu, lisogeze mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu.

Harufu yenyewe haitokani na kuku, inatokana na maji. Kinyesi kikikaa kikavu kwenye maranda ya mbao yaliyotandazwa sakafuni hakina tatizo kubwa. Kikilowa, bakteria huvunja asidi ya mkojo iliyomo na kutoa amonia. Kwa hiyo chunguza drinka, yaani chombo cha maji cha kuku, kwanza. Mdomo wa drinka uwe usawa wa mgongo wa kuku, ikae juu ya tofali zilizofunikwa kipande cha wavu, ili maji yanayomwagika yasidondokee kwenye maranda. Maranda yawe na kina cha sentimita 8 hadi 10. Kila asubuhi chukua konzi moja ya maranda karibu na drinka, ikamue, fungua kiganja. Yakibaki donge, ni mabichi, yatoe siku hiyohiyo. Yakiachana taratibu, yako sawa. Yakipeperuka vumbi, yamekauka mno na kuku wataanza kukohoa. Kisha chuchumaa, pua iwe usawa wa kichwa cha kuku. Macho yakiwasha hapo chini, kuku wameshateseka siku kadhaa wakati wewe uliyesimama husikii kitu.

Nasisitiza hili kwa sababu linafundishwa vibaya kila mahali: usimwage chokaa wala majivu juu ya maranda mabichi wakati kuku wamo. Vitu hivyo hupunguza ukali wa asidi, na amonia hutoka kwa wingi zaidi. Chokaa ni ya sakafu iliyofagiliwa, banda likiwa tupu. Maranda mabichi dawa yake ni koleo.

Nzi: yai la nzi hadi nzi kamili huchukua siku saba hadi kumi kwenye joto letu. Ukitoa kinyesi cha chini ya vichanja, yaani miti ambayo kuku hulalia usiku, mara mbili kwa wiki, unakata mzunguko kabla haujakamilika. Weka ubao chini ya kichanja, maana kuku hunyea sana usiku, ukwangue, uchanganye na maranda makavu, uhifadhi kwenye pipa lenye mfuniko. Usikimwage kibichi kwenye mchicha, kitauunguza. Kioze kwanza miezi miwili au mitatu. Kichanja ni sentimita 20 kwa kila kuku, viota vinne vya sentimita 30 kwa 30 vinatosha.

Jogoo hahitajiki ili upate mayai. Ukinunua vifaranga vya kizazi cha mayai utauziwa mitetea. Ukinunua chotara kama Kuroiler au Sasso, kwa kawaida huja mchanganyiko, na karibu nusu ni madume. Waondoe wakianza kujaribu sauti. Sauti ya alfajiri huleta ugomvi haraka kuliko harufu.

Chanjo: mdondo (kideri) siku ya 7 na ya 21, ugonjwa wa Gumboro siku ya 14 na ya 28, ndui wiki ya 6 hadi ya 8, baada ya hapo mdondo kila miezi mitatu. Hii ndiyo ratiba ya kawaida, lakini mwoneshe afisa mifugo wa kata, na uulize dukani kama vifaranga vilichanjwa Marek, ugonjwa wa kupooza, huko vilikototolewa. Kosa la Dar ni kuchanganya chanjo na maji ya bomba: klorini huua chanjo. Tumia maji ya kisima safi, au ya bomba yaliyokaa usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi, weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita, wanyime kuku maji saa moja au mbili kabla, na yaishe ndani ya saa mbili. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 unaweza kudondoshea tone moja jichoni, na kwa kuku 20 ni salama zaidi kuliko ya maji kwa sababu una uhakika kila mmoja kapata.

Chupa moja huwa na dozi mia au zaidi, na ikifunguliwa haihifadhiwi hadi kesho. Tafuta wenye kuku wa mtaani kwako, mchange, mchanje siku moja, nawe uanze na yule jirani wa upande wa magharibi hata kama ana kuku wawili tu. Kuku wakifa kwa mfululizo, wafukie chini, usitupe jalalani, na mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo.