Jibu: Je, binti aache tenisi ya mmoja mmoja abaki na ya wawili wawili?

Salaam, dada. Umeuliza kama binti yako wa miaka 14, anayeshinda akiwa na mwenzake lakini hushindwa akiwa peke yake, aache kabisa tenisi ya mmoja mmoja. Nimefundisha wasichana hapa Mwanza kwa muda, nami nakusihi asiache mapema. Cara Black wa Zimbabwe, aliyefika nafasi ya 1 duniani kwa wawili wawili mwaka 2005 na kutwaa taji la Wimbledon la upande huo mwaka 2004, 2005 na 2007, aliwahi pia kufika nafasi ya 31 katika mmoja mmoja.

Kabla ya yote, chunguza anavyoanzisha mpira. Kwa wawili wawili huanzisha mpira katika gemu (sehemu fupi ya mchezo) moja kati ya kila nne, ilhali akiwa peke yake ni moja katika kila mbili, hivyo kasoro inayofichika kwa mwenzake hujitokeza mara mbili zaidi. Upepo wa ziwa wa alasiri huusogeza mpira aliourusha juu kabla ya kuupiga, na wasichana wangu kadhaa waliodhaniwa kuwa waoga walikuwa wakipoteza pointi hapo tu. Mwache aanzishe mipira 50 asubuhi, kabla ya upepo, kisha 50 alasiri, nawe uhesabu inayoingia.

Sijamwona akicheza, lakini ukiandika hesabu hizo hapa, nitakueleza aanze kurekebisha mkono au miguu.