Kadi ya michoro kwa pawa saplai ya wati 300

Ndugu, umeuliza kadi gani ya michoro itafaa kwenye kompyuta yenye pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 300, isiyo na waya wa pini 6 wala 8 wa kuipa kadi umeme. Hizo wati 300 zisikutishe, ila usitazame namba hiyo peke yake. Fungua kasha, soma lebo ya pawa saplai kwenye mstari wa 12V (volti 12): zidisha ampea kwa 12. Ikiwa ni ampea 18, basi una wati 216 tu za kugawana kati ya prosesa na kadi.

Kwa kuwa umesema haina waya wa pini 6 wala 8, tafuta kadi inayokula umeme wa sloti (tundu la ubao mama ambamo kadi huchomekwa) pekee, yaani isiyozidi wati 75. GTX 1650 nyingi ziko hivyo (si zote, angalia kama ina tundu la waya), na RTX 3050 ya GB 6 inatumia wati 70. Hapo wengi huumia: RTX 3050 ya GB 8 ina jina lilelile lakini inataka wati 130 na waya wake. RX 6400 inakula wati 53, ila inatumia leni 4 tu (njia za data) za PCIe, yaani hiyo sloti, kwa hiyo kwenye mashine ya zamani yenye toleo la PCIe 3.0 inapoteza kasi. Mimi ningechukua 3050 ya GB 6.

Zile adapta za kugeuza waya wa SATA (ule wa kulisha diski umeme) kuwa pini 6 achana nazo kabisa. Plagi ya SATA hubeba takriban wati 54, kadi ikivuta zaidi plastiki inayeyuka.

Pima pia nafasi, hasa kama kasha lako ni lile jembamba.