Watoto Waanzie Ujiji: Ushauri kwa Familia Inayotaka Kuizunguka Nchi kwa Gari

Wiki iliyopita baba mmoja wa Kasulu aliniandikia ujumbe mrefu, na nilipousoma niliiona ndani yake familia yangu mwenyewe. Likizo ya Juni anataka kumchukua mkewe na watoto katika gari lao, awaoneshe Ngorongoro, Mlima Kilimanjaro, Mji Mkongwe wa Zanzibar na, muda ukiruhusu, magofu ya Kilwa Kisiwani, kisha awarudishe kabla shule hazijafunguliwa. Ameuliza kama jambo hilo linawezekana kwa mtu anayeanzia safari mkoani kwetu, na kama lina maana yoyote wakati mkewe anamkumbusha kila jioni kwamba nyumba wanayoijenga bado haijaezekwa.

Naomba nimjibu hadharani, kwa kuwa najua hayuko peke yake. Kila mzazi anayesoma hapa anatamani mwanawe aijue nchi yake kwa macho, si kwa kukariri majina ubaoni, na kila mzazi wa Kigoma amekwisha kuambiwa kwamba vivutio vyote viko kaskazini na sisi tuko mwisho wa reli. Jibu langu ni kwamba nendeni, lakini orodha hiyo iwekeni kando. Nchi yenye kilomita za mraba zipatazo 945,000 haimalizwi katika likizo moja, na mtoto anayeoneshwa mlima leo, bonde kesho na magofu keshokutwa hurudi nyumbani na picha nyingi ilhali hana kisa cha kuwasimulia wenzake. Chagueni njia moja yenye kisa kimoja, muifuate tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi tulichagua ile inayoanzia karibu kabisa na mlango wetu, yaani njia ya misafara kutoka Ujiji hadi Bagamoyo.

Wazo lilitoka kwa binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la sita. Alikuwa akisoma habari za biashara ya watumwa na pembe za ndovu, akamuuliza baba yake kama Ujiji inayotajwa kitabuni ndiyo hii tunayokwenda kununua samaki. Tunaishi Mwanga, hapa Kigoma mjini, na Ujiji ni mwendo wa daladala tu. Swali lile lilinikaa moyoni kwa majuma kadhaa. Ndipo mimi na baba watoto tulipokubaliana kwamba safari tuliyokuwa tukiiwekea akiba, ambayo awali ilikuwa ya kwenda Arusha, ibadilishwe.

Siku ya kuondoka, kwa hiyo, gari lilielekea kwanza Ujiji. Watoto waliingia katika makumbusho, wakaziangalia sanamu za mmisionari na mpelelezi David Livingstone na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyetumwa kumtafuta, wakisalimiana, wakasimama penye miembe ambayo huelezwa kuwa ni uzao wa mwembe ule ambao chini yake wawili hao walikutana mwaka 1871. Mimi nilitaka wajue jambo jingine zaidi ya salamu za wageni wawili. Usiku uliotangulia nilikuwa nimemgawia kila mtoto kazi yake. Kaka mkubwa, aliyekuwa kidato cha pili, alipewa wapagazi: walikuwa akina nani, walibeba nini, walilipwa nini. Binti alipewa habari za mwili wa Livingstone, kwamba ulifikaje pwani. Kitinda mimba, ambaye hakuwa bado anasoma vizuri, alipewa chumvi na miembe. Mama mkwe wangu, aliyekaa kiti cha mbele safari nzima kama ilivyompasa, alipewa heshima ya kumsahihisha yeyote.

Huu ndio ushauri wangu mkubwa, na nitaurudia: mpeni kila mtoto kazi kabla ya kuwasha gari. Mtoto mwenye kazi haulizi kila baada ya nusu saa kama mmefika.

Uvinza tulisimama kwa sababu ya chumvi. Chemchemi za maji ya chumvi za pale zilitumiwa na watu karne nyingi kabla ya meli yoyote ya Mzungu kuelea katika Ziwa Tanganyika, na chumvi yake ilisafirishwa mbali kwa biashara. Mama mkwe alieleza jinsi wazee wa Buha walivyoithamini, na kitinda mimba alionja hadi akakatazwa. Tulivuka Malagarasi, tukapita Kaliua na Urambo, ambako kaka mkubwa alitusomea habari za Mtemi Mirambo, mtu ambaye vita vyake na wafanyabiashara Waarabu vilimzuia Stanley asipite moja kwa moja kuja Ujiji. Tukalala Tabora.

Tabora ndiyo iliyonibadilisha. Nje kidogo ya mji, mahali paitwapo Kwihara, kuna tembe lililojengwa upya la wakati ule, lenye paa la bapa na mlango wa kuchongwa, ambalo sasa ni makumbusho. Livingstone na Stanley walifika hapo mapema mwaka 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, na Livingstone akabaki hadi Agosti akiwasubiri wapagazi wapya. Mei 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kipo Zambia. Binti alisimama mlangoni mwa tembe akatueleza yaliyofuata. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao, miongoni mwao mpishi Halima, waliuzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili, wakaubeba. Oktoba walipofika Kwihara walimkuta ofisa wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, akawashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa. Waliendelea kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Kaka yake alimuuliza walilipwa nini kwa kazi hiyo. Binti akajibu kwamba walipokelewa, wakalipwa ujira, wakaachwa. Aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza alikuwa Jacob Wainwright peke yake, na Susi na Chuma walipelekwa baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha kufanyika London mwezi Aprili. Mama mkwe alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba msiba unaobebwa na watu wa namna hiyo ni wao kuliko ni wa ndugu. Nimesoma mengi kuhusu Livingstone, lakini sikuwahi kusikia hukumu ya haki kuliko hiyo.

Palepale Tabora tuliwaeleza watoto habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye mwaka 1893 aliwasha baruti ndani ya ngome yake kuliko kukamatwa na Wajerumani, na tukawaonesha shule aliyosoma Mwalimu Nyerere. Tulinunua asali. Kutoka hapo hadi Itigi ni msitu mrefu ambao sina la kuusimulia, na Dodoma tulilala tu. Zamani msafara ulipita Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kisha Mpwapwa. Gari la leo hupita Dodoma, Gairo na Dumila hadi Chalinze, likakata kaskazini kwenda Msata na kuingia Bagamoyo bila kugusa Dar es Salaam.

Bagamoyo sitaieleza yote. Wamisionari Wakatoliki waliweka kituo chao hapo mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na katika mnara wa kanisa la kwanza ndipo mwili ule ulipolazwa kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Siku tuliyofika kulikuwa na kundi la wageni kutoka Moshi. Mzee aliyekuwa akiwaongoza alimsikia binti yetu akimsahihisha kaka yake kuhusu tarehe, akamwita mbele, akamwambia, "Haya mwanangu, wewe umetoka Ujiji, waeleze wenzako mwanzo wake." Binti alieleza kuanzia mwembe hadi mnara, kwa sauti yake ndogo isiyotetemeka, na watu wazima wakamsikiliza hadi mwisho. Nilijivunia na bado najivunia. Mwezi uliopita mwalimu wake wa historia amemwita asimulie tena mbele ya darasa, na hiyo ndiyo sababu ujumbe wa baba wa Kasulu umenikuta na maneno tayari.

Sasa niseme yanayouma, kwa kuwa nanyi mtakutana nayo. Katika sehemu moja ya njiani, ambayo siitaji, mlinzi alitusimamisha getini akatuuliza tumepotea au tunamtafuta nani, huku gari la wageni kutoka nje likifunguliwa bila swali. Baba watoto alimjibu kwa upole kwamba tumekuja kuangalia, na tutalipa kiingilio. Mtu huyo aliturudishia, "Kuangalia nini?" Watoto walisikia. Na tuliporudi, ndugu mmoja wa karibu alitucheka mbele ya wakwe kwamba tumechoma mafuta zaidi ya kilomita elfu moja kwenda kutazama magofu, wakati wenzetu wanapeleka watoto kwenye mabembea ya mjini. Nimesamehe, lakini sijasahau, na sitaki kusahau.

Nawaambieni wazazi wenzangu kwamba swali la yule mlinzi ni letu sisi sote. Tusipowafundisha watoto wetu kwamba nchi hii ina vitu vya kuangaliwa, na kwamba wenye haki ya kwanza ya kuviangalia ni wao, watakua wakiamini kwamba kiingilio kimewekwa kwa ajili ya watu wa mbali. Makumbusho na hifadhi zetu huwatoza raia viwango vya chini sana kuliko vya wageni. Chukueni kitambulisho cha Taifa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mkaitumie haki hiyo mkiwa mmenyoosha migongo.

Kama kisa cha misafara hakiwavuti, kipo kingine. Familia inayopenda habari za mwanadamu wa kale inaweza kupanda kaskazini kutoka Dodoma hadi Kolo, wilayani Kondoa, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, kisha ikaendelea hadi Bonde la Oldupai, ambako Mary Leakey alilipata fuvu mashuhuri mwaka 1959, na hapo Ngorongoro mtaiona mkiwa na sababu ya kuwa huko. Anayetaka watoto wamjue Mwalimu aanzie Butiama alikozaliwa na alikozikwa, aje Tabora alikosoma na ambako mwaka 1958 chama chake cha TANU kiliamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, amalizie Arusha kwenye kumbukumbu za Azimio la 1967. Hata meli ya Liemba ni kisa kamili: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Mkianza na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, safari nzima ya Dar es Salaam itakuwa kisa cha chuma na jasho. Lakini kiwe kimoja. Narudia, kimoja, na kila mtoto awe na kazi yake ndani yake.

Mengine ni ya kawaida, nayasema kwa ufupi. Gari lipelekwe gereji wiki mbili kabla, si jana yake, ili kitakachofunguliwa kiwe na muda wa kufungwa na kujaribiwa. Tairi la akiba liwe zima, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari ziwemo, kwa kuwa trafiki watauliza na kwa kuwa mtavihitaji. Penye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na askari wenye tochi za kupimia mwendo wako hata pale msipowategemea. Ondokeni alfajiri, laleni kabla ya giza. Usiku barabarani kuna malori yaliyoharibika bila taa na kuna ng'ombe. Jazeni mafuta Tabora kabla ya kuuingia ule msitu. Bebeni chakula cha nyumbani. Sisi tulibeba dagaa wa kukaanga, mihogo na chupa mbili za chai, na watoto hawakuugua tumbo hadi tulipoanza kula hovyo njiani.

Juni ni mwezi mzuri, kwa sababu upande wetu mvua zimekatika na vumbi halijawa baya sana. Baba wa Kasulu, Jumamosi yoyote kabla ya hapo walete watoto Ujiji, uwaache waulize wenyewe, uandike maswali yao kwenye daftari; hayo ndiyo yatakayokuonesha njia ipi muifuate. Gharama kubwa itakuwa mafuta na malazi, kwa hiyo pigeni hesabu ya hayo mawili kwanza, na mkipungukiwa, ishieni Tabora mwaka huu na mmalizie Bagamoyo mwakani. Kuhusu bati, mwambie mama watoto kwamba sisi pia tulikuwa tukijenga, na chumba cha nyuma kilikaa bila dari hadi mwaka uliofuata. Mkirudi mwishoni mwa Juni mna miezi kadhaa ya kiangazi kabla mvua hazijarejea, nayo inatosha kuezeka.