Viza haijaisha ila siku zimepita, nivuke Canada nirudi?

SWALI: Shikamoo wakili. Niko Marekani kwa dada yangu, nilikuja na viza ya matembezi B1/B2 ya miaka miwili na bado imebaki zaidi ya mwaka. Juzi nimeangalia I-94, ile rekodi yangu ya kuingia, nikakuta tarehe yake imepita miezi minne. Jamaa mmoja huku anayejazia watu fomu kanambia nisijali, viza iko hai, nivuke tu Canada siku mbili nikirudi napewa miezi sita mipya. Halafu dada ni raia na keshanifungulia I-130, lile ombi la kumleta ndugu, kasema hiyo inanilinda. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Si kweli, yote mawili, na naomba usivuke mpaka wowote kabla hujamaliza kusoma hapa.

Hii ya "viza iko hai" naisikia kila mara na inaniuma, manake watu wanaharibikiwa kwa kitu cha kuangalia dakika mbili. Ile stika kwenye pasipoti, yenye picha yako na tarehe ya mwisho na ile herufi M ya kuingia mara nyingi, ni ruhusa ya kubisha hodi mpaka tarehe ile, basi. Haisemi ukae siku ngapi. Siku unapewa na ofisa unapoingia, anaziweka kwenye I-94, pale palipoandikwa Admit Until Date, yaani mwisho wa kukaa, na tangu 2013 ukiingia kwa ndege hiyo I-94 hawakubandikii tena kikaratasi kwenye pasipoti, iko kwenye tovuti ya CBP, wale walinzi wa mipaka na forodha, ndo maana wengi hawaitafuti mpaka mambo yameshaharibika. Mtembezi kwa kawaida anapewa miezi sita ila usiende kwa mazoea, wapo wanaopewa pungufu kwa sababu pasipoti yao inakaribia kuisha.

Sasa habari ya Canada. Sheria ya uhamiaji kifungu cha 222(g) inasema ukipitiliza siku za I-94, hata siku moja, viza uliyoingilia inakufa. Hakuna anayekuja kuigonga muhuri, hakuna barua, ukiitazama iko nzima na tarehe yake ya mwakani, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ukirudi mpakani ofisa anafungua kompyuta anaona uliingia lini na ulitakiwa utoke lini, anakugeuza. Na hata mtu ambaye siku zake hazijaisha, akienda Canada chini ya siku 30 akarudi kwa kawaida anaingia kwa I-94 ile ile ya mwanzo, kwa hiyo hiyo miezi sita mipya usiihesabu kabisa.

I-130 ya dada inathibitisha undugu wenu na kukuwekea nafasi kwenye foleni, hakuna zaidi. Ndugu wa raia wako kundi la F4, watu wanasubiri zaidi ya miaka 10, na katika kusubiri huko haikupi haki ya kukaa wala kibali cha kazi. Wanaoweza kusamehewa kupitiliza siku wakapata green card, kadi ya ukaazi wa kudumu, bila kutoka ni mume au mke wa raia, mtoto wa raia ambaye hajaoa wala kuolewa na hajafika miaka 21, na mzazi wa raia aliyefikisha 21, na hao nao lazima wawe walikaguliwa mpakani wakaingia kihalali. Kuwa na dada raia hakukuingizi humo.

Cha haraka kwako ni kuhesabu siku, na uhesabu leo. Miezi minne ni kama siku 120. Ukitoka kabla hujapita siku 180 umeipoteza viza, utaomba nyingine nyumbani, utaulizwa na utajibu ukweli, lakini hujafungiwa kuingia Marekani. Ukipita 180 ndo ukatoka, unafungiwa miaka 3. Ukifika mwaka, miaka 10. Sheria hii iko tangu Aprili 1997 na hiyo miaka ya kufungiwa kuingia inaanza pale unapotoka, kwa hiyo sisemi kila mtu akate tiketi kesho, kama una ndoa na raia au kuna jambo la kweli linalokutisha kurudi nyumbani muone wakili kwanza. Kama ulichelewa kwa sababu ulilazwa hospitali, mpelekee na karatasi za daktari.

Na hawa wajaza fomu. Huyo aliyekwambia uvuke hapotezi chochote, wewe ukirudishwa yeye yuko mezani kwake anamuandikia mwingine. Ndo hao hao wanaowaambia watu "lipa nikujazie asylum upate kibali cha kazi", yaani ombi la hifadhi ya ukimbizi, anachukua hadithi ya mtu mwingine anabadilisha jina na tarehe, na mtu hajui kwamba hakimu akiamua ombi lilikuwa la kutunga kwa makusudi anaweza kukosa haki zote za uhamiaji maisha yake yote. Mwingine anakwambia kwenye I-9, ile fomu ya kuanza kazi, weka tiki pale pa raia wa Marekani upate kazi, na kujiita raia wakati sio ni kosa ambalo karibu hakuna mwenye njia ya kusamehewa. Sahihi ni yako, na kusema "nilijaziwa" mara nyingi hakuokoi.

Marekani notary, yule wa kuthibitisha sahihi, si mwanasheria. Anayeruhusiwa kukushauri ni wakili mwenye leseni, ambaye jina lake unaweza kulitafuta kwenye chama cha mawakili cha jimbo lake, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Na fomu za USCIS, idara ya uhamiaji, zina sehemu ya aliyekuandalia, ambayo anatakiwa aandike jina lake na kusaini. Mwambie huyo jamaa asaini hapo. Akikataa, chukua pasipoti yako na nakala zako zote uondoke.