Mimi niko upande wa jitu

Umeuliza kama sisi warefu, tukisoma hadithi za majitu, tunashika upande wa nani. Nina mita 2 na sentimita 3, naishi Goma, na niko upande wa jitu tangu nikiwa na miaka 12.

Mwaka ule ekodimu yetu, yaani shule ya Jumapili ya kanisa, iliigiza Daudi na Goliathi. Hakuna aliyeuliza nani atakuwa Goliathi. Watoto wote waligeuka kuniangalia. Jiwe lilitakiwa kuwa karatasi iliyofinyangwa. Daudi wetu, mtoto wa darasa la pili, aliona karatasi haifai, akaokota uani kipande cha jiwe la volkano, lile jeusi lenye vitundu. Likanipata juu ya jicho. Nilianguka kweli, na kanisa zima likapiga makofi na vigelegele. Mama peke yake ndiye aliyepita mbio kati ya mabenchi, akanibandika kitenge chake kwenye damu.

Mama ni Mnyanga, kabila la Walikale huku mashariki mwa Kongo, na katika hadithi za kwao shujaa ni Mwindo, yule mdogo aliyezaliwa akatembea papo hapo. Huko nako mdogo ndiye anayeshinda.

Nilipokua nikaanza kuchunguza. Biblia yetu inampa Goliathi dhiraa sita na shibiri moja, karibu mita 3. Lakini tafsiri ya kale ya Kigiriki, na maandiko ya Samweli yaliyopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yanasema dhiraa nne na shibiri. Dhiraa moja ni kama sentimita 45, na shibiri ni nusu yake. Piga hesabu: mita 2 na kidogo. Mimi niliipiga mara tatu. Ni kimo changu, cha mtu anayeinama kila akiingia nyumba ya mbao ya wakwe zake.

Kisha kuna Kumbukumbu la Torati 3:11, penye kitanda cha chuma cha mfalme Ogu, jitu jingine la Biblia, dhiraa tisa kwa nne. Wengine wanastaajabia ukubwa. Mimi namuona fundi aliyekubali kukitengeneza. Changu kilichongwa na kijana wa hapa mtaani. Alinilaza juu ya mbao zake, akatia alama ya mkaa kwenye kisigino, halafu akaongeza kiganja kizima. “Usiku mtu anajinyoosha, yaya,” akasema, yaani kaka.

Ila kama utasoma hadithi moja tu, iwe ya Fumo Liyongo, shujaa jitu wa Waswahili wa pwani ya Pate, Kenya. Silaha zote zilimshindwa. Mfalme akamrubuni mwana wa Liyongo mwenyewe, naye akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo akaamka, akatwaa upinde, akaenda kupiga goti kisimani, mshale tayari, roho ikamtoka akiwa vilevile. Watu hawakujua kama amekufa. Siku zikapita, hakuna aliyethubutu kuchota maji. Mwishowe wakamwendea mama yake, naye akaenda kumwimbia mwanawe, kumtuliza, mpaka mwili ukaanguka.

Goliathi hatuambiwi kama alikuwa na mama. Wa Liyongo yupo, na ndiye anayeitwa mji mzima ukiogopa.

Nilimsomea mama sehemu hiyo jioni moja umeme umekatika, kwa mwanga wa simu. Nilipotaka kuendelea akanishika mkono.

“Rudia pale anapoanza kuimba.”