Chumba cha Wasomaji: Kusoma Chuo Kikuu Chini ya Masharti ya Gonjwa

SWALI: Salaam, wahariri. Mimi ni mwakilishi wa darasa. Chuo chetu kinaandaa mpango wa kufundisha kwa mtandao endapo gonjwa jingine litafunga madarasa kama korona. Waliotutangulia wanatuambia majina yalikuwa yanajaa kwenye skrini, lakini mhadhiri akiuliza swali, kimya. Tudai nini katika mpango huu? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Jina kuonekana kwenye skrini ni mahudhurio tu, na ushiriki ni zaidi ya hapo. Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa, aliandika mwaka 1989 kwamba anayesoma kwa mbali anahitaji maingiliano ya aina tatu: na somo, na mwalimu, na wanafunzi wenzake. Vyuo vya Kenya vilipofungwa Machi 2020, slaidi ziliendelea kutumwa na wahadhiri wengi wakahamia Zoom au Google Meet. Aina ya tatu ndiyo iliyokatika, kwa sababu haikuwahi kupangiwa kipindi. Ilikuwa kwenye foleni ya kantini, kwenye ngazi za maktaba, na usiku hosteli mtu akimwomba mwenzake amweleweshe hesabu. Kwa kuwa haimo kwenye ratiba, hakuna aliyekumbuka kuitafutia mbadala.

Daini vikundi vya watu wanne au watano visivyobadilika muhula mzima. Kila baada ya dakika 15 mhadhiri aandike swali moja, vikundi vijadili dakika tano kwenye WhatsApp, kisha mmoja aandike jibu kwa niaba ya wenzake, kwa zamu. Vikundi vikichanganywa upya kila wiki, zoezi hufa: muda unaishia kwenye kujitambulisha, na hakuna anayethubutu kukosea mbele ya wageni. Kikundi kikizidi watu sita, huzungumza wawili na wengine husikiliza.

SWALI: Mimi ni mhadhiri. Wanafunzi wanasema bando linawaishia katikati ya somo. Niache kufundisha mubashara? (Msomaji, Mbarara)

JIBU: Usiache, punguza. Video inayokwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde hula takriban MB 450 kwa saa. Mwanafunzi akiwa na kozi tano za saa tatu kwa wiki, hiyo ni karibu GB 7 kila wiki. Sauti peke yake iliyorekodiwa kwa kilobiti 24 kwa sekunde ni MB 11 tu kwa saa, na maneno yanasikika vizuri. Tuma sauti na slaidi za PDF siku moja kabla, kisha tumia dakika 40 za mubashara kwa maswali tu. Usimlazimishe mtu kuwasha kamera. Anayesoma jikoni kwao huku wadogo zake wanapita nyuma atazima simu kabisa kuliko kuonekana. Maabara ni jambo jingine: video ya titresheni (jaribio la kemia la kudondosha kimiminika kwa kipimo) haimfundishi mtu kushika bureti, mrija unaodondoshea, kwa hiyo hayo yasubiri au yafanywe kwa makundi madogo.

SWALI: Nafanya utafiti wa shahada ya kwanza kuhusu kuridhika kwa wanafunzi wakati wa korona. Nimeandaa hojaji ya Google Forms yenye swali kuu: "Uliridhika na masomo?" Inatosha? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Haitoshi, tena itakudanganya. Hojaji ya mtandaoni hujibiwa na wenye mtandao, na waliokwama ndio wanaokosekana, kwa hiyo matokeo yatapendeza kuliko hali ilivyokuwa. Chagua majina kwa nasibu kutoka daftari la usajili, na wasiojibu wapigie simu.

Swali lenyewe lipasue: maktaba, usimamizi wa tasnifu, mitihani, hosteli, mawasiliano ya utawala. Mtu anaweza kuwa alimpenda mhadhiri wake na bado akachukizwa na tangazo la kuhama hosteli lililotoka jioni. Kuhusu kila sharti la kujikinga na korona, uliza mawili kando: lilikusumbua kiasi gani, na ulielezwa sababu yake?

Na taja kipindi. Tanzania ilifungua vyuo tarehe 1 Juni 2020, na wengi walirudi kwenye muhula uliobanwa. Uganda iliwarudisha wa mwaka wa mwisho Oktoba 2020, kisha ikafunga tena Juni 2021. Ukiandika "wakati wa korona" bila tarehe, Mtanzania atakujibu kuhusu wiki chache za kukaa nyumbani na Mganda kuhusu mwaka mzima na zaidi, nawe utawajumlisha pamoja.